Barua ya wazi kwa uongozi wa kituo chetu: warudishieni watoto meza yao ya sikukuu

Kwa: Mkuu wa Kituo, Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wote wa Bodi
Nakala: Wazazi na walezi wote wa watoto wa kituo

YAH: MLO WA PAMOJA WA SIKUKUU KWA WATOTO WETU

Ndugu Mkuu wa Kituo, Mheshimiwa Mwenyekiti na waheshimiwa wajumbe,

Awali ya yote nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru kwa kazi ya kuwatunza watoto wetu tangu asubuhi hadi tunaporudi kuwachukua. Shukrani hizi ni za dhati. Mwanangu aliingia hapo hajui hata kushika kijiko, leo anakula mwenyewe, na sifa hiyo ni ya walimu wake kabla haijawa yangu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeshindikana. Niliandika kwenye daftari la mawasiliano, nikajibiwa kwamba suala litafikishwa ofisini. Nilikwenda ofisini, nikaelekezwa kwenye kamati ya wazazi. Kamati ikapeleka barua kwa Bodi, na mpaka leo barua hiyo haijajibiwa hata kwa mstari mmoja. Wakati huohuo tangazo la mchango wa sikukuu inayokuja limeshabandikwa mlangoni, na utaratibu ni uleule tulioulalamikia, wa kuwalisha watoto kwa maboksi badala ya meza ya pamoja. Nikiendelea kunyamaza, siku itafika na watoto watakalishwa vilevile.

Kwa kuwa baadhi ya wajumbe wa Bodi ni wapya, niwaeleze desturi yenyewe ilivyokuwa. Siku mbili tatu kabla ya sikukuu, watoto wa darasa la wakubwa walikuwa wakiosha matunda na kuchambua mboga pamoja na mpishi. Wa darasa la kati walipanga vijiko na kukunja karatasi za kupangusia mikono. Hata wadogo kabisa, wale wanaotembea kwa kuyumba, walipewa kazi ya kubeba vikombe kimoja kimoja kutoka kabatini hadi mezani. Siku yenyewe watu wazima na watoto walikaa meza moja, mabakuli yakawekwa katikati na chakula kikapita mkono kwa mkono. Mzazi aliyeweza kuja alikuja, akajibana kwenye kile kiti kidogo cha darasani, akala alichopakuliwa na mtoto.

Sikukuu iliyopita tulikuta maboksi ya chakula. Watoto walikuwa wamepangwa kwa mistari, nyuso zimeelekezwa jukwaani, kila mmoja na boksi lake lililofungwa miguuni. Wageni waalikwa wakahutubia, picha zikapigwa, risala ikasomwa. Ndipo maboksi yakafunguliwa, na muda si mrefu yakakusanywa ili ukumbi upishe shughuli nyingine. Wazazi tulisimama nyuma, nyuma ya kamba.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uamuzi haukupitia kwa wazazi wala kwa walimu

Tuliujua utaratibu mpya kupitia tangazo la mchango. Walimu niliozungumza nao nao waliujua siku hiyohiyo. Mpishi aliyewalisha watoto hawa mwaka mzima, anayejua nani hali mayai na nani huumwa tumbo akinywa maziwa, hakuulizwa neno. Sina haja ya kurefusha hapa. Jambo linalogusa kinywa cha mtoto mdogo haliamuliwi na ofisi peke yake.

2. Mtoto ameondolewa kwenye kazi, amefanywa mtazamaji

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba mnisikilize kwa makini.

Mtazameni mtoto wa miaka mitatu anapomimina maji kutoka jagi dogo. Analishika kwa mikono miwili, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, macho yote yako kwenye ukingo wa kikombe. Anamimina, anasita, anatazama maji yalipofikia, anaongeza kidogo. Yakimwagika, anafuata kitambaa mwenyewe kama alishaonyeshwa kilipo. Katika tendo hilo moja amepima, amesubiri, amejizuia na amerekebisha. Halafu anamsukumia mwenzake jagi, maana zamu imehama. Anapopanga vijiko, kila kiti kijiko kimoja, amefanya hesabu ya kwanza yenye maana maishani mwake: akikuta kijiko kimebaki mkononi na viti vimekwisha, atauliza nani hajafika. Anapokabidhiwa bakuli apakue kisha alipitishe, anajifunza kwamba kilichomo ni cha wote, na kwamba yule aliye mwisho wa meza lazima abakiziwe.

Boksi lililofungwa halifundishi chochote kati ya hayo. Kila mtoto anapata fungu lililokatwa na mtu asiyemfahamu, halina cha kupitisha, halina cha kusubiri, halina cha kumbakizia mtu.

Wala haya si mambo yaliyobuniwa na wazazi wa kituo hiki. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa San Lorenzo jijini Roma mwezi Januari 1907, alitaka watoto wadogo watumie vyombo vya kweli, hata vile vinavyovunjika, ili wajifunze kuongoza mikono yao. Katika shule zilizofuata njia yake, watoto waliandaa meza, wakabeba bakuli la supu na kuwapakulia wenzao. Huko Japani wanafunzi wa shule za msingi hupokezana zamu ya kuwagawia wenzao chakula cha mchana, na shughuli hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Mpango wa Head Start wa Marekani, wa kuwalea na kuwafundisha watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo, ulioanza mwaka 1965, unavitaka vituo vyake vitumie wakati wa chakula kwa kujifunza na kuzungumza na watoto, na unahimiza kula kifamilia, yaani chakula kuwekwa mezani na watoto kujipakulia, kwa kadiri ya umri wao. Hawa wote wana ratiba, wana watoto wengi, wana sakafu zinazochafuka. Wameona inafaa.

Na sikukuu ndiyo siku ambayo kazi hiyo ina uzito zaidi. Siku za kawaida mtoto hupanga vijiko kwa ajili ya wale anaokula nao kila siku. Siku ya sikukuu anapanga kwa ajili ya bibi yake, mama wa rafiki yake, mlinzi wa getini. Anajua wageni wanakuja na yeye ndiye mwenyeji. Mtoto hapati heshima ya kuwa mwenyeji mara nyingi maishani. Kituo chetu kilikuwa kinampa, na sasa kimemnyang'anya.

3. Walisubiri na njaa, kisha wakaharakishwa

Tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo na saa yake ya kula haibadiliki kwa sababu kuna mgeni rasmi. Saa ya chakula ilipita watoto wakiwa wanatazama maboksi wasiyoruhusiwa kuyagusa. Walioanza kulia walitolewa nje. Aliyefungua boksi lake mapema alikaripiwa mbele ya watu, naye hajatimiza miaka mitatu.

Chakula kilipoanza kuliwa, nikasikia maneno ambayo hayasikiki darasani siku nyingine: "Maliza kwanza hiki ndiyo upewe keki." "Kula haraka, tunafunga." Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, amefundisha mgawanyo wa majukumu ambao walimu wetu wenyewe wamekuwa wakiufuata: mtu mzima anaamua ni chakula gani, kitaliwa lini na wapi, mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Vigezo vya Head Start nilivyovitaja vinakataza waziwazi kukifanya chakula kuwa zawadi au adhabu, vinakataza kumlazimisha mtoto amalize, na vinataka apewe muda wa kutosha. Siku ile yote matatu yalikiukwa.

Tena sikukuu huleta vyakula ambavyo mtoto havioni kila siku. Tafiti za Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake kuhusu ulaji wa watoto zilionyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekinusa, akakigusa kwa kidole, akakirudisha kwenye sahani, amepiga hatua. Anahitaji kumwona mwenzake au mwalimu wake akikila kwa raha. Lakini walimu wetu siku hiyo hawakukaa kabisa. Walikuwa wima wakigawa, wakikusanya na kupiga picha. Nilimwona mwalimu wa mwanangu akila kipande cha mkate korido saa ya kwenda nyumbani. Huyo naye alistahili kula sikukuu mezani na watoto wake.

4. Maboksi yenyewe hayakuwa salama

Sababu tuliyopewa ya kuleta maboksi ilikuwa usalama. Naomba basi tuuzungumze usalama.

Ndani ya boksi la mwanangu mlikuwa na zabibu nzima na mfuko mdogo wa karanga. Boksi hilohilo lilipelekwa kwa watoto wa mwaka mmoja na nusu. Kila mlezi aliyepitia mafunzo ya huduma ya kwanza anajua kwamba zabibu nzima, njugu, bisi, peremende ngumu na vipande vya soseji vilivyokatwa mviringo ni katika vitu vinavyoongoza kwa kuwakaba watoto. Umbo la zabibu linaziba koo la mtoto sawasawa. Zabibu hukatwa kwa urefu, vipande vinne. Njugu nzima hazipewi mtoto wa chini ya miaka mitano. Jikoni kwetu sheria hizi zimebandikwa ukutani karibu na sinki, na mpishi wetu huzifuata. Aliyefungasha maboksi hakuwahi kuuona ukuta huo.

Pili, joto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni tano za usalama wa chakula: usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kiive, kuhifadhi katika joto sahihi, na kutumia maji na viungo salama. Chakula kilichopikwa hakiachwi katika joto la kawaida zaidi ya saa 2; cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Maboksi yalifika kabla ya wageni. Yalikaa sakafuni wakati wa kupamba ukumbi, yakakaa wakati wa kuwasubiri wageni, yakakaa wakati wa hotuba. Wengi tulioyafungua tulikuta chakula kimepoa kabisa.

5. Watoto wenye mzio na wenye miiko ya dini walitengwa

Kwenye kona ya ukumbi kulikuwa na meza ndogo. Walikaa hapo watoto wenye mzio wa mayai, wa maziwa, wa karanga, pamoja na wale ambao familia zao hazili nyama. Walibandikwa vibandiko vyekundu kifuani. Wenzao walipofungua maboksi, wao waliletewa biskuti kavu na juisi. Mmoja aliuliza amekosa nini. Alikuwa anauliza kama amefanya kosa, na hakuna mtu mzima aliyekaa karibu wa kumjibu.

Nawasihi mlifikirie hilo, waheshimiwa. Siku ya kula pamoja ndiyo siku aliyojifunza kwamba mwili wake au imani ya nyumbani kwao ni sababu ya kuwekwa kando.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kutengwa huko hakukuwalinda. Maboksi hayakuwa na orodha ya viungo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inataka anayehudumia chakula, hata kisichofungashwa, aweze kueleza kama kina kitu chochote kati ya aina 14 za viambato vinavyosababisha mzio, zikiwamo maziwa, mayai, karanga, samaki, ngano, soya na ufuta. Sisi tulipouliza keki imetengenezwa kwa viungo gani, tuliambiwa aliyeileta ameshaondoka. Zile peremende laini zilizogawiwa mwishoni aghalabu hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Zipo familia kadhaa kituoni kwetu, za dini tofauti, ambazo zisingekubali mtoto ale kitu hicho. Hazikuulizwa.

Na mikono je? Watoto walipakwa dawa ya kutakasa mikono kisha wakaachwa wachangamane. Dawa hiyo inaua vijidudu, ila haiondoi mabaki ya karanga mkononi. Sabuni na maji ndivyo vinavyoyaondoa. Mtoto aliyeshika karanga akamshika mwenzake mwenye mzio mkali anaweza kumletea madhara, hasa watoto wa umri huu ambao kila kitu huishia mdomoni. Ningependa pia kujua sindano ya adrenalini ya mtoto ambaye wazazi wake walishaikabidhi ofisini ilikuwa wapi saa ile. Mzio ukipanda hadi kuziba pumzi, sindano hiyo ndiyo tiba ya kwanza, na hakuna muda wa kutafuta ufunguo wa kabati.

6. Mchango umegeuka kiingilio

Zamani aliyekuwa na uwezo alichangia zaidi, asiyekuwa nao alileta mikono yake: alikuja mapema kumenya, alibaki jioni kuosha vyombo. Hakuna mtoto aliyejua nani ametoa nini. Sasa majina ya ambao hawajalipa yanabandikwa mlangoni, na siku ya sikukuu watoto wao walipelekwa chumba cha kulala na kuwashiwa katuni mpaka shughuli iishe.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unakataza katika Ibara ya 2 kumbagua mtoto kwa hali yake au ya wazazi wake, na mali imetajwa humo. Lakini hata kama mkataba huo usingekuwapo, kumfungia mtoto chumbani wakati wenzake wanakula ni jambo lisilo na utetezi. Hili naomba likome mara moja, hata kama mengine yote yatahitaji mjadala.

7. Sikukuu za baadhi ya familia hazimo kabisa

Orodha ya sikukuu zinazoadhimishwa kituoni inataja tu zile za familia zilizo nyingi zaidi. Ibara ya 30 ya mkataba huohuo inamlinda mtoto wa jamii ya wachache asinyimwe utamaduni na dini yake, na Ibara ya 29 inasema elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utamaduni wake na kwa ustaarabu ulio tofauti na wake. Sidai kituo kiandae karamu kila wiki. Familia ikiwa na sikukuu yake, mtoto apewe nafasi ya kueleza kwao wanakula nini siku hiyo, na ikiwezekana jikoni papike kitu kimoja cha kwao ambacho wote wanaweza kukionja. Na pale ambapo familia haitaki mtoto wake ashiriki sikukuu fulani, iulizwe mapema na iheshimiwe bila kudhaniwa vibaya.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema idadi ya watoto imeongezeka na ukumbi hautoshi. Ni kweli imeongezeka. Lakini hakuna aliyesema lazima wote wale ukumbini kwa wakati mmoja. Kila darasa lile chumbani kwake, kwenye meza zake, saa yake ileile ya kila siku. Kwa watoto wadogo hilo ni bora hata kuliko ukumbi, maana kelele na nyuso ngeni huwazima hamu ya kula.

Mtasema chakula cha kutoka majumbani hakiaminiki. Hapo nakubaliana nanyi kwa sehemu. Si kila jiko la nyumbani linajua hatari ya njugu kusagwa ubaoni kisha ubao huohuo ukakatiwa matunda, na si kila mtu anajua kwamba asali hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miezi 12 kwa sababu ya sumu ya botulizimu. Kwa hiyo nisingependa turudi kwenye masufuria kutoka majumbani bila mpangilio. Jibu ni kupika hapohapo, jikoni kwa kituo, chini ya mpishi wetu, kwa viungo vinavyojulikana, huku wazazi wakija kumsaidia kwa zamu. Mapishi ya familia yaletwe kwenye karatasi, mpishi ayasome, abadilishe kinachopaswa kubadilishwa.

Mtasema watoto kujipakulia ni uchafu na magonjwa. Kila bakuli liwe na kijiko chake cha kupakulia chenye mpini mrefu, watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kukaa, chakula cha moto kiachwe kipoe kiasi kabla ya kufika mezani, na kwa wachanga walio chini ya mwaka mmoja mlezi apakue mwenyewe. Kitamwagika kitu. Kitafutwa.

Mtasema walimu ni wachache. Ndiyo maana tunaomba mturuhusu tuvuke ile kamba. Wako wazazi, wako bibi na babu, walio tayari kukaa kila meza na kushika bakuli wakati mtoto anapakua.

Na huenda mkasema wafadhili na wageni wanapenda kuona shughuli. Waalikwe, nawakaribisha kwa moyo wote. Wakae mezani, wapakuliwe na mtoto, hotuba zisubiri watoto wakishalala mchana. Mgeni anayekipenda kituo hiki atafurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa risala. Picha nazo zipigwe kwa idhini ya wazazi, na zisipigwe mtoto akiwa na chakula mdomoni au akilia.

Ninachoomba

Kwanza, mpango wa maboksi kwa sikukuu inayokuja usitishwe, na fedha zilizokwisha kukusanywa zipewe jikoni kwetu.

Pili, hakuna mtoto atakayeondolewa mezani kwa sababu ya mchango, na orodha ya majina iondolewe mlangoni leo.

Tatu, chakula cha siku hiyo kipangwe kwa kuanza na watoto wenye masharti mengi zaidi. Vyakula vikuu viwe vile ambavyo kila mtoto darasani anaweza kula, ili kusiwe na meza ya pembeni wala vibandiko. Viungo viandikwe na kubandikwa mlangoni siku tatu kabla. Mpango wa dharura wa kila mtoto mwenye mzio uwe mkononi mwa mwalimu wake, na dawa yake iwe chumbani alipo.

Nne, watoto warudishiwe kazi zao za kuosha, kupanga, kupakua na kufuta, kila mmoja kwa umri wake.

Tano, saa ya kula isiguswe, na walimu wakae wale pamoja na watoto.

Sita, iundwe kamati ndogo ya mpishi, walimu wawili, wazazi wa madarasa yote na mjumbe mmoja wa Bodi, ipange milo ya sikukuu za mwaka mzima pamoja na kalenda inayozijumuisha familia zote. Mimi niko tayari kuingia humo, na kama mnaona inafaa zaidi akaingia mwingine, sina kinyongo.

Naomba jibu la maandishi kabla ya siku ya mwisho ya kupokea mchango iliyotajwa kwenye tangazo lenu, na mkutano wa wazazi wote kabla vifaa vyovyote havijaagizwa. Nakala ya barua hii nimeiacha ofisini kwa Mkuu wa Kituo na nyingine nimemkabidhi mpishi, kwa kuwa mengi niliyoyaomba yatapita mikononi mwake na ana haki ya kusema yapi yanawezekana.

Wenu katika malezi,

Mzazi wa mtoto wa darasa la kati